Kujivua Urithi Kabla ya Ndoa: Nguvu ya Kisheria ya Mapatano ya Wachumba katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Wachumba wawili wanapoandikiana kabla ya ndoa kwamba atakayebaki hai hatadai chochote katika mirathi ya mwenzake, je, mahakama itawashikilia kwa maneno hayo? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kuangalia ukanda wa Busia na Tororo, ambako familia moja huweza kuwa na shamba Kenya na duka Uganda. Hoja inayotetewa ni kwamba mapatano ya namna hiyo yana nguvu ya kuamua mali ilikuwa ya nani, lakini hayana nguvu ya kumfuta mwenzi aliyefiwa katika orodha ya warithi. Hata hivyo, madhara yake makubwa hutokea kabla hayajafika mbele ya jaji, na hapo ndipo sera inapohitajika.

Utangulizi

Mpaka unaotenganisha Busia ya Kenya na Busia ya Uganda haukuchorwa kwa kufuata koo. Hadi mwaka 1902 sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ya leo ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Sehemu hiyo ilipohamishiwa utawala wa Himaya ya Afrika Mashariki, Wasamia na Wateso walijikuta wamegawanywa pande mbili bila wao wenyewe kuhama. Leo Msamia wa Funyula ana shemeji Lumino, na Mteso wa Amagoro huenda kuposa Tororo bila kuhisi kwamba ameoa ugenini. Ndoa huvuka mpaka kwa wepesi. Sheria haivuki hivyo.

Mapatano ya kujivua urithi huja kwa sura mbili. Ya kwanza ni waraka ulioandikwa na wakili au karani wa mtaani na kutiwa saini kabla ya harusi. Ya pili ni kauli inayotamkwa mbele ya wazee wakati wa kujadili mahari, hasa pale mwanamume anapooa mke wa pili au mjane mwenye watoto: atatunzwa akiwa hapa, lakini ardhi ni ya watoto wa nyumba ya kwanza. Sura zote mbili zina lengo moja, nalo ni kufunga mlango wa mirathi kabla mtu hajafa.

Ni vyema kusema mapema kwamba si kila mapatano ya aina hii ni mtego. Mgane mwenye watoto wazima, ambao jasho la mama yao limo katika shamba, ana sababu ya haki ya kutaka kuwahakikishia kwamba mke mpya hatawanyang'anya. Vilevile mwanamke mfanyabiashara wa Busia aliyejenga vyumba vya kupangisha kwa akiba yake anaweza kutaka ndugu za mume wa pili wasiviguse akitangulia yeye kufa. Swali la makala haya halihusu uhalali wa nia hizo. Linahusu chombo kilichochaguliwa kuzitimiza: je, kinafaa?

Kauli mbili katika karatasi moja

Mkanganyiko mwingi huanzia katika uandishi. Waraka mmoja hubeba kauli mbili zinazofanana kwa sauti lakini zisizofanana kisheria. Kauli ya kwanza husema, nyumba hii ni yangu na haitakuwa mali ya ndoa. Hiyo ni kauli ya umiliki. Inahusu watu walio hai na kitu kilichopo. Kauli ya pili husema, nikifa hutarithi kitu changu. Hiyo ni kauli ya mirathi; inahusu haki ambayo bado haijazaliwa, kwa kuwa aliye hai hana mrithi, ana watu wanaotarajia kumrithi tu.

Fikihi ya Kiislamu, ambayo ndiyo inayotawala mirathi ya Waislamu wengi wa Busia na Tororo, inaiweka tofauti hii wazi zaidi kuliko sheria zilizoandikwa. Kwa kauli ya wanazuoni wengi, fungu la mrithi huthibiti kwa kifo. Kulisamehe kabla ya hapo ni kusamehe deni lisilokuwapo. Baada ya kifo mrithi anaweza kuwaachia wenzake fungu lake lote, na hapo hakuna anayemzuia.

Kenya: andiko lipo, lakini linasema nini?

Kenya ndiyo yenye andiko la wazi kuhusu mapatano ya kabla ya ndoa. Kifungu cha 6(3) cha Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 kinawaruhusu wanaokusudia kuoana kufanya mapatano ya kuamua haki zao za mali. Kifungu cha 6(4) kinamruhusu mhusika wa mapatano hayo kuiomba mahakama iyatengue ikiwa yalitokana na udanganyifu au shuruti, au ikiwa yana dhuluma iliyo dhahiri. Wapo mawakili wanaolichukua neno "haki za mali" na kulinyoosha hadi likafunika mirathi. Kwa maoni yetu, kunyoosha huko hakukubaliki.

Sheria hiyo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, inashughulikia mali ya wanandoa walio hai: nani anamiliki, nani amechangia, nani atoe ridhaa kabla ya kuuza, nini kigawanywe ndoa ikivunjika. Mirathi ina sheria yake, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Sheria hiyo haina kifungu kinachosema kwamba mapatano ya kabla ya ndoa humwondoa mjane katika mgawo. Ukimya huo si wa bahati mbaya. Kabla ya 1981 mirathi ya baadhi ya wakazi wa Kenya iliongozwa na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo ilitamka waziwazi kwamba mjane hana mgawo ikiwa mkataba halali uliofanywa kabla ya ndoa ulimtoa katika fungu lake. Mtunga sheria wa Kenya alikuwa na maneno hayo mkononi, naye hakuyachukua. Mahakama inayotafuta kusudi la Bunge haiwezi kuyarudisha kwa mlango wa nyuma wa kifungu cha 6(3).

Zaidi ya hayo kuna Sehemu ya Tatu ya Sheria ya Urithi. Kifungu cha 26 kinaipa mahakama mamlaka ya kumpa mtegemezi sehemu ya mali pale ambapo wosia, au mgawo wa kisheria pale pasipo wosia, haukumtosheleza. Mke wa marehemu ni mtegemezi bila kulazimika kuthibitisha kwamba alikuwa akitunzwa. Mamlaka haya ni ya mahakama, si mali ya mke ambayo angeweza kuigawa. Ni vigumu kuona jinsi wachumba wawili wanavyoweza kukaa chini na kuinyang'anya mahakama kazi iliyopewa na Bunge.

Swali hili limekwisha kujibiwa mahali pengine palipo na sheria ya ukoo huohuo. Mwaka 1944, katika shauri la Lieberman dhidi ya Morris, Mahakama Kuu ya Australia ilikabiliwa na mke aliyekuwa ameahidi kabla ya ndoa kwamba hatadai chochote chini ya sheria ya matunzo ya familia ya mwosia. Mahakama ilishikilia kwamba ahadi hiyo haikumzuia kudai, kwa kuwa sheria ile ilitungwa pia kwa ajili ya jamii nzima, isije ikabebeshwa mzigo wa kumlisha mjane ambaye mumewe aliacha mali. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Nairobi wala Busia, lakini mantiki yake inaingia katika kifungu cha 26 bila kulazimishwa.

Je, basi mapatano ni karatasi tupu? La. Kifungu cha 28 kinaiagiza mahakama ipime mambo kadhaa kabla ya kutoa amri: ukubwa wa mali, kipato na mahitaji ya mtegemezi, zawadi alizopewa marehemu akiwa hai, mwenendo wake kwa marehemu, hali ya wategemezi wengine, na sababu za mwosia kutompa kitu kadiri zinavyoweza kujulikana. Mapatano ya kabla ya ndoa ni ushahidi mzuri wa mambo haya. Mwanamke aliyeingia ndoani na mali yake ya kutosha, akashauriwa na wakili wake mwenyewe, akatia saini akijua mwenzake ana nini, anaweza kupewa kidogo au asipewe kitu. Atakayemnyima atakuwa jaji aliyempima, si karatasi.

Nguvu kubwa zaidi ya mapatano hayo imo katika kauli ya kwanza, ile ya umiliki. Kwa kuwa kinachorithiwa ni mali ya marehemu peke yake, mapatano yanayothibitisha kwamba kiwanja fulani ni cha mke hukitoa kiwanja hicho nje ya mirathi kabisa. Na katika shauri la Ogentoto, lililoamuliwa Januari 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza kwamba usawa wa wanandoa katika Ibara ya 45(3) ya Katiba hauleti mgawo wa nusu kwa nusu moja kwa moja. Mchango lazima uthibitishwe. Uamuzi huo unaongeza thamani ya waraka unaoeleza nani alileta nini.

Jambo moja la kieneo halipaswi kusahaulika. Sheria ya Urithi ya Kenya iliyaacha nje ya mgawo wake mashamba na mifugo ya wilaya fulani zilizotajwa katika Gazeti la Serikali, nyingi zikiwa za wafugaji. Busia haimo katika orodha hiyo. Mzee wa ukoo anayesema kwamba shamba la Samia au la Teso hugawanywa kwa mila tu anasema jambo lisilo na msingi katika sheria iliyopo.

Uganda: hakuna andiko, lakini kuna ukuta

Uganda haina sheria iliyotungwa mahususi kuhusu mapatano ya kabla ya ndoa. Mswada wa Ndoa na Talaka wa mwaka 2009 ulipingwa vikali na ukawekwa kando mwaka 2013. Kilichobaki ni sheria ya jumla ya mikataba, ambayo haitekelezi makubaliano yanayokwenda kinyume na maslahi ya umma, na maamuzi ya mahakama. Katika shauri la Rwabinumi dhidi ya Bahimbisomwe, mwaka 2013, Mahakama ya Juu ya Uganda ilisema kwamba mali aliyokuwa nayo mtu kabla ya ndoa haigeuki kuwa ya wote wawili kwa sababu tu wameoana. Wachumba wa Tororo wanaotaka kutenganisha mali zao wakiwa hai wana pa kusimama.

Ukuta unasimama upande wa mirathi. Ibara ya 31(2) ya Katiba ya mwaka 1995 inaliagiza Bunge litunge sheria za kulinda haki ya wajane na wagane kurithi mali za wenzi wao. Ni nadra kukuta katiba inayomtaja mjane kwa jina. Tarehe 5 Aprili 2007 Mahakama ya Katiba, katika shauri lililofunguliwa na chama cha wanasheria wanawake wa utetezi, ilibatilisha vifungu kadhaa vya Sheria ya Urithi kwa kuwabagua wanawake. Pengo lililobaki lilidumu miaka 15, hadi marekebisho ya mwaka 2022. Kwa marekebisho hayo, asiyeacha wosia lakini akaacha mwenzi, watoto na ndugu wategemezi, mali yake hugawanywa hivi: asilimia 20 kwa mwenzi, asilimia 75 kwa watoto na wajukuu, asilimia 4 kwa ndugu wategemezi, na asilimia 1 kwa mrithi wa kimila. Hapo awali mjane alipewa asilimia 15.

Asilimia 20 si kubwa, na penye wake wawili au watatu huwa ndogo zaidi kwa kila mmoja. Kinachomlinda mjane hasa ni makazi. Nyumba waliyoishi haiingizwi katika hesabu ya asilimia. Mwenzi na watoto wana haki ya kuendelea kuikaa, na mwenye kuwafukuza anatenda kosa la jinai. Sasa, ikiwa kumfukuza mjane ni kosa, mkataba ambao utekelezaji wake ni kumfukuza hauwezi kusimama mahakamani. Hoja hii, kwa maoni yetu, inatosha peke yake kwa upande wa makazi, hata kabla ya kuigusa Katiba.

Ipo njia halali ambayo mwenzi huweza kupoteza mgawo wake Uganda, nayo ni kutengana. Aliyekuwa haishi tena na marehemu kama watu wa nyumba moja huweza kukosa fungu, kwa masharti na mianya iliyowekwa na sheria. Ndugu wa marehemu wanaijua njia hii. Mjane aliyekuwa akiuza nguo Busia na kurudi Nagongera mwisho wa wiki huambiwa siku ya matanga kwamba alishaondoka zamani. Basi mtafiti anayesoma majalada asishangae kukuta mapatano ya kabla ya ndoa yametolewa kama ushahidi wa kutengana, kazi ambayo hayakuandikiwa.

Shamba Funyula, duka Busia

Tuchukue mfano wa kubuni. Mgane wa Kisamia ana shamba la ekari nne Funyula alilolipata kabla ya kumjua mke wa pili. Ana jengo la duka Busia ya Uganda, lori moja, na akiba benki. Anaishi upande wa Uganda na amekusudia kubaki huko. Wanaandikiana mbele ya wakili wa Busia ya Kenya kwamba mke hatadai chochote mume akifa. Miaka tisa baadaye mume anafariki bila wosia, akiacha watoto.

Hapa sheria za nchi zote mbili zinakubaliana kwa kiasi cha kushangaza. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Urithi ya Kenya kinasema kwamba ardhi na majengo yaliyo Kenya hurithiwa kwa sheria ya Kenya, popote marehemu alipokuwa na maskani ya kudumu. Mali inayohamishika hufuata sheria ya maskani yake siku ya kifo. Sheria ya Uganda inaweka kanuni hiyohiyo kwa ardhi ya Uganda. Kwa hiyo shamba la Funyula litakwenda kwa sheria ya Kenya: mjane atapata haki ya kulitumia maisha yake pamoja na kulinda maslahi ya watoto, au, kwa kuwa marehemu alikuwa na nyumba mbili, mgawo huenda ukazingatia nyumba hizo. Jengo la duka, lori na akiba vitakwenda kwa sheria ya Uganda na asilimia zake. Hati ya usimamizi iliyotolewa upande mmoja haina nguvu upande wa pili mpaka itiwe muhuri na mahakama ya huko. Nchi zote mbili zina utaratibu huo.

Na mapatano? Kifungu cha 6(3) cha Kenya hakifiki Tororo. Waraka uliotiwa saini Busia ya Kenya hautapata Uganda hadhi ya mapatano yanayotambuliwa na sheria iliyotungwa. Utapimwa kama mkataba wowote mwingine. Upande wa Kenya utakuwa na hadhi hiyo, lakini kwa umiliki tu, na kwa kuwa hakuna anayebisha kwamba shamba lilikuwa la mume, hautabadilisha kitu. Mwandishi wa waraka alilipwa ada kwa sentensi isiyofanya kazi katika nchi yoyote kati ya hizo mbili. Kama angeandika badala yake kwamba nusu ya jengo la duka ni ya mke kwa sababu alilipia ujenzi wake, sentensi hiyo ingesimama.

Lipo bado suala la nani anaweza kuyapinga. Kifungu cha 6(4) kinamtaja "mhusika wa mapatano". Mjane ni mhusika na hakomi kuwa mhusika kwa sababu mwenzake amekufa. Watoto wa nyumba ya kwanza si wahusika. Wao huja na waraka kana kwamba ni ngao yao, ilhali walioutia saini ni wengine.

Mahari na kauli ya wazee

Kwa wengi wa ukanda huu hakuna wakili wala saini. Kuna siku ya mahari. Katika Kiswahili cha pwani mahari ni haki ya mke mwenyewe. Huku bara neno hilohilo hubeba ng'ombe na fedha wanazopewa wazazi wake, na tofauti hiyo ina uzito katika mada yetu. Pale mahari inapokwenda kwa wazazi, huzaliwa dhana kwamba wazee wa pande mbili ndio waliofunga mkataba, na kwamba masharti waliyopatana, likiwemo la ardhi, yanamfunga bibi harusi ambaye hakuulizwa.

Dhana hiyo ilipigwa pigo kubwa kutoka Tororo yenyewe. Shirika la MIFUMI, lenye makao yake huko, lilifungua shauri la kupinga mila ya mahari, na tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda ikaamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mahakama haikuipiga marufuku mahari yenyewe. Lakini ilikataa wazo la kwamba malipo waliyopokea wazazi yanaweza kuendelea kumfunga mwanamke kama deni. Ikiwa makubaliano ya wazee hayawezi kumfunga mke anapotoka katika ndoa akiwa hai, ni vigumu zaidi kuona yanavyomfunga anapofiwa. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 inaongeza kwamba uamuzi wowote kuhusu ardhi ya kimila unaowanyima wanawake umiliki, makazi au matumizi ni batili. Kwa Kenya, Ibara ya 2(4) ya Katiba ya 2010 inabatilisha mila inayopingana nayo.

Basi kauli ya wazee ni dhaifu kuliko waraka wa wakili. Yenye nguvu kidogo ni kauli ya mchumba mwenyewe, nayo itakabiliwa na maswali yaleyale ya hiari na dhuluma.

Karatasi batili inavyofanya kazi

Mtu angeweza kuishia hapa na kusema kwamba mjane yuko salama. Hayuko, kwa sababu mirathi nyingi huamuliwa mezani pa afisa kabla jaji hajaliona jalada.

Upande wa Kenya safari huanza kwa chifu, ambaye barua yake huwataja walioachwa na marehemu. Kifungu cha 51(2)(g) kinamtaka anayeomba usimamizi wa mali isiyo na wosia awataje wenzi wote waliobaki hai. Hakisemi "isipokuwa waliojivua." Lakini ndugu wanapofika kwa chifu na waraka wenye saini na muhuri, wakaeleza kwamba mama huyu alikwisha kukubali hana lake, jina lake huweza kuachwa kwa nia njema kabisa. Tangazo hutolewa katika Gazeti la Serikali, na siku 30 za pingamizi hupita bila mjane kujua. Miezi sita baada ya kutolewa, hati huweza kuthibitishwa. Na kifungu cha 30 kinasema kwamba baada ya kuthibitishwa hakuna ombi la mtegemezi linaloweza kuletwa chini ya kifungu cha 26. Waraka ambao mahakama ingeukataa umefanikiwa kumzuia asifike mahakamani.

Haijawa mwisho wa njia. Kifungu cha 76 kinaruhusu hati kufutwa wakati wowote, hata baada ya kuthibitishwa, ikiwa ilipatikana kwa kuficha jambo la msingi, na kuwapo kwa mjane ni jambo la msingi. Ila kufuta hati ni kesi nyingine, yenye gharama nyingine, na mara nyingi shamba limekwisha kubadilishwa jina. Wakili anayemwakilisha mjane wa namna hii asipoteze miezi akibishana juu ya uhalali wa waraka. Aanze na swali la kwa nini jina lilifichwa.

Kuna pia mchezo wa fomu. Sheria ya Kenya inawaruhusu warithi kukubali kwa maandishi mgawo wowote, hata unaowapa wao sifuri, mradi ni baada ya kifo. Ridhaa hiyo ni halali. Waraka wa kabla ya ndoa huwasilishwa wakati mwingine kana kwamba ndiyo ridhaa yenyewe. Naibu msajili anayepokea majalada ana jambo moja tu la kuangalia, tarehe. Ridhaa iliyotangulia kifo si ridhaa ya mgawo.

Upande wa Uganda waombaji hupita kwa mwenyekiti wa mtaa na kisha kwa ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, inayotoa cheti cha kutokuwa na pingamizi. Hapo mjane ana silaha ambayo haitumiwi vya kutosha. Sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma inamtaka anayemwandikia mtu wa namna hiyo waraka aweke jina lake kamili na anwani, na inamchukulia kuwa amethibitisha kwamba waraka ulisomwa na kuelezwa. Asiyejua kusoma, kwa maana ya sheria hiyo, ni mtu asiyeweza kusoma na kuelewa lugha iliyotumika katika waraka unaohusika. Mwanamke aliyesoma Kiswahili vizuri, au anayeandika Kidhopadhola na Kiateso bila shida, huangukia hapo akitiliwa mbele yake kurasa nne za Kiingereza cha kisheria. Mapatano mengi ya mpakani yaliyochapwa vibandani hayana jina la mwandishi popote.

Mambo matatu ya kisera, na mipaka yake

Wapo wanaopendekeza kwamba Kenya na Uganda ziyapige marufuku kabisa mapatano ya kujivua urithi. Hatukubaliani nao moja kwa moja. Nchini Marekani, kanuni ya mfano ya mirathi inayofuatwa na majimbo kadhaa inaruhusu mwenzi kujivua haki hizo kabla ya ndoa, kwa maandishi na saini, lakini inakataa kutekeleza ikiwa hakutia saini kwa hiari, au ikiwa makubaliano ni ya kinyonyaji na hakuelezwa mali ya mwenzake. Mwanamke wa vyumba vya kupangisha tuliyemtaja mwanzoni angenufaika na kanuni kama hiyo. Linalofaa kuigwa ni kwamba huko mtunga sheria amesema, badala ya kuwaachia mawakili wabahatishe.

Kwa Kenya, sentensi moja ikiongezwa katika kifungu cha 6 ingetosha: kwamba mapatano ya kabla ya ndoa hayaondoi mamlaka ya mahakama chini ya kifungu cha 26, wala haki ya mwenzi katika nyumba ya familia na shamba linalomlisha. Kwa mali nyingine, kujivua kuruhusiwe pale kila mmoja alipokuwa na wakili wake na orodha ya mali ikaambatishwa. Kwa Uganda, mswada wowote mpya wa ndoa ungepaswa kuweka mpaka huohuo, ili waraka wa Malaba usiwe na maana moja asubuhi upande wa Kenya na nyingine jioni upande wa Tororo.

La tatu halihitaji Bunge. Fomu ya barua ya chifu, na ile ya mwenyekiti wa mtaa, ziwe na swali: je, marehemu alikuwa na mwenzi ambaye jina lake halimo hapa, na kwa sababu gani? Anayejibu "alijivua" atakuwa ameandika mwenyewe, kwa mkono wake, kwamba mjane yupo. Mahakama itakuwa na jina la kumwita, na siku 30 zitaanza kuhesabika zikiwa na maana. Gharama ya swali hilo ni mstari mmoja wa wino, na linaweza kuanza kuulizwa Busia na Tororo kabla ya kuulizwa kwingine.